Mchwa Hawaogopi Kufuli

Kabla ya alfajiri nilisikia panya.

Sauti ilikuwa ndogo sana. Kwaru, kisha kimya. Kwaru, kisha kimya. Nilidhani panya yuko kwenye debe la bisi za mchele, kwa kuwa mkwe wangu Shefali husahau kulifunika. Nikashika kandambili moja mkononi, nikanyata hadi jikoni. Debe lilikuwa limefunikwa vizuri, na juu yake kuna jiwe. Nikamwomba Shefali radhi moyoni mwangu.

Sauti ilitoka kitandani kwa mjukuu wangu, Ketaki. Ndani ya chandarua kulikuwa na mwanga mdogo wa tochi. Mtoto alikuwa akisoma, na kila alipogeuza ukurasa, karatasi ililia kwaru.

Ketaki ana miaka kumi na mitano. Yuko darasa la tisa katika shule ya upili ya hapa kwetu Kadamdanga. Nilifunua chandarua, nikaona kitabu kipo juu ya godoro, karibu na miguu yake. Nilishtuka. Kwetu kitabu ni Saraswati mwenyewe, mungu wa kike wa elimu. Ukikigusa kwa mguu kwa bahati mbaya, unakigusa tena kwa mkono, kisha unagusa paji la uso kuomba msamaha. Mimi nilikuwa nimeishi miaka sitini na minane nikivisujudia vitabu. Sikuwa nimemaliza kusoma hata kimoja.

"We mtoto," nikanong'ona. "Kitabu kitandani?"

"Bibi, ngoja kidogo. Tembo yuko ukingoni mwa mto. Hataki kuvuka."

"Tembo gani?"

Akanisogelea, akanisomea kwa sauti ya chini. Ilikuwa hadithi ya mwanamke daktari wa wanyama, aliyeishi msituni akitibu tembo. Tembo jike mmoja alikuwa mgonjwa, na dawa ilikuwa ng'ambo ya mto. Walimvuta kwa kamba, walimbembeleza kwa ndizi. Hakutaka kuingia majini.

Nilisahau miguu. Nilisahau godoro. Niliingia ndani ya chandarua, nikakaa kando yake, na kandambili bado ilikuwa mkononi. Jogoo alipowika, tembo alikuwa bado ukingoni.

"Usimwambie Baba," Ketaki akasema.

Sikumwambia.

Lakini siri haidumu katika nyumba ya vyumba viwili. Mwanangu Jadab ni mfumaji wa sari. Mtambo wake uko barazani, nasi sote tunaishi kwa sauti ya mtambo huo: khata-khat, khata-khat. Ukinyamaza mchana, tunajua kuna jambo. Siku moja ulinyamaza. Nilitoka nje, nikamkuta Jadab ameshika kitabu cha jiografia. Ndani yake alikuwa amekikuta kile cha tembo.

Wiki hiyohiyo Ketaki alikuwa ameleta matokeo ya mtihani wa nusu mwaka. Katika historia alipata alama kumi na tisa kwa mia.

Jadab hapigi watoto. Akikasirika, huongea polepole. Alisema kwamba sasa amejua alama zilikwenda wapi. Zilikwenda porini na tembo. Alisema hivi ni vitabu vya nje, havimo katika mtihani, na mtoto wa mfumaji hana muda wa vitabu vya nje.

"Kesho nitakirudisha mwenyewe," akasema. "Na nitamwambia huyo mwalimu wa maktaba asikupe kingine."

Ketaki hakulia. Alimtazama baba yake usoni, jambo ambalo hajazoea kulifanya.

"Kirudishe, Baba. Nitakwenda kukiomba tena."

Shefali akaacha kupeta mchele. Mimi nikasema nitakwenda nao, maana goti langu linahitaji dawa ya zahanati iliyo karibu na shule. Goti halikuwa na neno. Nilitaka kujua habari za tembo.

Maktaba ilikuwa chumba cha mwisho kwenye veranda ya shule. Kando ya ukuta yalisimama makabati sita ya mbao yenye milango ya vioo. Juu ya kila kioo kulikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu. Ketaki alinisomea: yalikuwa jina la marehemu baba yake Trilochan. Trilochan ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Miaka kumi na miwili iliyopita alitoa makabati hayo na vitabu vyake vyote, kumkumbuka baba yake. Kisha akafunga makufuli, akatia funguo kiunoni. Kila mwaka siku ya Saraswati makabati yalivishwa mashada ya maua, nasi tuliyainamia. Hakuna aliyeona kosa. Mimi mwenyewe nilishona mashada hayo mara nne au tano.

Mkutubi aliitwa Sucheta. Alikuwa amehamishiwa kwetu miezi mitano tu iliyopita, na alikuwa ameomba funguo zote. Trilochan alimpa za makabati mawili.

Mwalimu Sucheta aliniona nimesimama, akanisogezea kiti kabla ya kumjibu Jadab. Jambo dogo, lakini nalikumbuka. Kisha akamsikiliza Jadab hadi mwisho bila kumkatiza.

"Kaka," akasema, "naomba tumuulize Ketaki mambo mawili, wewe ukisikia. Baada ya hapo uamue."

Akamwomba Ketaki aeleze kwa nini wafumaji wa zamani wa Bengal walipoteza kazi. Ketaki akafumba macho, akaanza kumimina sababu tano, moja hadi tano, bila kuvuta pumzi. Jadab akaninong'oneza kwamba mtoto anajua vizuri kabisa.

"Sasa niambie kwa maneno yako," Mwalimu Sucheta akasema. "Mfumaji mmoja wa wakati ule, nyumbani kwake, alipata hasara gani?"

Ketaki akafumbua macho. Akaanza tena: sababu ya kwanza. Akasimama. Akatazama sakafu. Nilimwonea huruma. Baba yake mwenyewe ni mfumaji, mtambo unalia sikioni mwake tangu azaliwe, na hakuwa na neno.

"Hilo ndilo swali la mtihani," Mwalimu Sucheta akasema taratibu. "Alikuwa amekariri majibu ya swali lingine kutoka kitabu cha majibu. Swali likageuzwa kidogo, akapotea. Sasa la pili. Ketaki, kwa nini tembo hakutaka kuvuka mto?"

Uso wa mtoto ukabadilika. Alisema mwaka uliopita mtoto wa tembo huyo alichukuliwa na maji palepale. Kitabu hakikusema moja kwa moja, lakini mwanzoni kulikuwa na kamba ndogo kwenye mti, na baadaye tembo aliinusa kamba hiyo. Daktari alipoelewa, aliacha kumvuta. Alivuka kwanza yeye mwenyewe, akasimama ng'ambo, akamwita.

Mimi nilifuta macho kwa ncha ya sari. Nilikuwa nimengoja jibu hilo siku tisa.

"Nani alimfundisha hayo?" Jadab akauliza.

"Hakuna. Alisoma, akafikiri. Akizoea kufikiri kwa tembo, atafikiri kwa wafumaji pia. Haiji kwa siku moja, lakini inakuja."

Jadab akapitisha kidole kwenye jalada la kitabu. Kisha akasema kama anayejisemea mwenyewe: "Ni kama kijana anayefuma kwa kufuata tu kadi zinazouongoza mtambo kutoa nakshi. Uzi ukikatika, analia."

"Hivyo hasa, kaka."

Mwalimu Sucheta akatuonyesha kazi yake. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi. Anachukua kitabu kimoja kwa wiki, anakivalisha gazeti la zamani kisichafuke. Kila Alhamisi wanakaa mkekani saa nzima, wanasoma kwa zamu, wanabishana. Na kila mmoja ana kazi ya nyumbani: amsomee mtu mmoja ambaye hajawahi kumaliza kitabu. Mtu huyo anatia alama ya kidole gumba kwenye kadi.

"Kadi yako haina alama," Mwalimu Sucheta akamwambia Ketaki.

Nikanyoosha kidole gumba. Jadab akanitazama.

"Mama, na wewe?"

"Na mimi," nikasema. "Goti limepona."

Jadab alicheka, ingawa hakutaka. Alitoa masharti yake. Kitabu kisisomwe gizani kuharibu macho. Kisomwe mchana barazani, karibu na mtambo, kwa sauti, ili yeye asikie kama tembo wanafundisha kitu. Akataka pia Ketaki ayaseme masomo ya historia kwa maneno yake mwenyewe, bila kufumba macho.

Siku iliyofuata nilimwona Jadab akizungushia mbao za mtambo vipande vya sari kuukuu. Mtambo ukawa unalia polepole, na sauti ya Ketaki ikasikika juu yake.

Hivyo tulimaliza kitabu cha tembo. Mimi nikaanza kufuata maneno kwa kidole. Najua kuandika jina langu, Charubala, na kusoma maneno makubwa ya mabango ya basi. Nilipokuwa mdogo, kaka zangu waliandika herufi zao za kwanza mbele ya Saraswati, mkono wa kuhani ukiwa juu ya mikono yao. Mimi nilipewa kazi ya kuosha vibao vyao. Ndivyo nilivyojifunza herufi chache, kabla sijazifuta.

Nilimuuliza Ketaki: yule daktari baadaye alikwenda wapi? Ketaki akasema kuna kitabu cha pili. Mwalimu Sucheta alikuwa amemwonyesha. Kiko kabati la tatu, mgongo mwekundu, kinaonekana kwenye kioo. Lakini funguo anazo Trilochan.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, tangazo likabandikwa. Serikali inaleta baiskeli za darasa la tisa. Hakuna mahali pa kuziweka. Kwa hiyo baada ya sikukuu ya Saraswati, maktaba itakuwa ghala la baiskeli. Makabati yote sita yatafungwa kwa heshima yote na kusukumwa nyuma.

Wasichana walikasirika. Waliandika barua, wakatia saini arobaini na moja. Ketaki ndiye aliyeipeleka. Trilochan aliirudisha na ujumbe wa mdomo: katika miaka kumi na miwili hakuna kitabu hata kimoja kilichopotea, na hakitapotea yeye akiwa hai. Akaongeza kwamba wasichana wanaosoma hadithi ni walewale wanaokula kunazi kabla ya sikukuu.

Kwetu hilo ni tusi. Mwanafunzi hali kunazi mpaka Saraswati apewe kwanza. Akila, atafeli. Kila mtoto anajua.

Ketaki alirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye mkunazi wa uani. Akachuma tunda moja, bichi, kali. Akalila mbele yetu sote, macho yakimtoka machozi kwa ukali wake.

"Ketaki," mama yake akasema, "umefanya nini?"

"Nikifeli, Mama, nitafeli kwa sababu sikusoma. Sitafeli kwa sababu ya kunazi."

Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mambo ya ibada nyumbani nayashika mimi. Nilifikiri. Ningemgombeza, ningekuwa nimemsaidia Trilochan. Nilikwenda ndani nikamletea chumvi kidogo ya kupunguza ukali.

Usiku huo nililala nikiwaza kabati la tatu. Namwamini Saraswati. Sijaacha kumwamini. Lakini nilijiuliza, huyu mama wa elimu amewahi kufurahia nini katika kufuli?

Siku ya sikukuu wasichana wote walivaa sari za manjano. Sanamu ya Saraswati iliwekwa ndani ya maktaba, mbele ya makabati. Miguuni pake kulirundikwa madaftari, kalamu na vitabu vya masomo. Siku hiyo hakuna anayesoma. Vitabu ni vya mungu hadi kesho yake. Nje ya veranda masufuria ya wali wa dengu yalikuwa yanachemka.

Kuhani alikaa chini na kibao na chaki. Watoto wadogo wa kijiji, wa miaka minne na mitano, walikuwa wamepanga foleni. Kila mmoja alipokaa, kuhani alishika mkono wake, wakaandika herufi ya kwanza pamoja. Trilochan alisimama pembeni, nguo nyeupe, shada la funguo kiunoni.

Nikaingia kwenye foleni.

Mbele yangu alikuwa mtoto wa muuza samaki, anapenga kamasi. Nyuma yangu mama mmoja alidhani nimeleta mjukuu, akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia mtoto ni mimi. Watu wakaanza kucheka. Mtu alisema bibi anataka kufanya mtihani wa darasa la tisa. Mwingine akasema mpeni na baiskeli. Niliona masikio ya Jadab yamekuwa mekundu. Halafu nikamwona akitoka alipokuwa, akaja kusimama kando yangu, akanishika kiwiko nisichoke. Sitasahau.

Zamu yangu ilifika. Kuhani alinitazama, akakuna kidevu.

"Mama, hii ni ya watoto."

"Wakati wangu nilikuwa naosha vibao," nikasema. "Sasa nimemaliza kuosha."

Alikuwa mtu mwema. Alinipa chaki, akaweka mkono wake juu ya wangu, nikaandika herufi ya kwanza. Herufi ilikaa upande, kama mbuzi aliyelala. Ilikuwa yangu.

Nikageuka kwa Trilochan. Nilimjua tangu anatambaa. Mama yake, Mokshada, na mimi tuliolewa katika kijiji hiki msimu mmoja.

"Tilu, mwanangu," nikasema. "Nimeandika herufi yangu ya kwanza. Sasa naomba kitabu changu cha kwanza. Kile chekundu, kabati la tatu."

Trilochan akatabasamu kwa heshima. Alisema leo vitabu havisomwi, shangazi anajua.

"Sikusema nitakisoma leo. Nitakishika tu. Nitakisoma kesho."

Alisema vitabu hivyo ni kumbukumbu ya baba yake. Alisema vimetunzwa. Vikianza kutoka, vitararuka, vitapotea, vitafungiwa karanga sokoni.

Hapo Ketaki akasogea mbele. Nyuma yake wakasogea wasichana wengine, sari za manjano tupu, hadi njia ya mlangoni ikajaa.

"Mzee," Ketaki akasema, "baba yako alisoma vitabu hivi?"

"Alisoma kila jioni ya maisha yake."

"Basi kwa nini unatukataza kufanya alichofanya? Tumeandika barua, umeirudisha. Leo hatutoki hapa mpaka Bibi apewe kitabu. Wali ukiungua na uungue."

Mpishi nje akasema wali wake hauhusiki. Watu wachache wakacheka. Trilochan hakucheka. Alitazama umati, akamtazama kuhani. Kuhani alikuwa anafuta kibao, hakuinua macho. Mwishowe Trilochan akatoa funguo. Nadhani alitaka tuone jinsi alivyovitunza.

Kufuli lilikuwa na kutu, likamchukua muda. Mlango ulipofunguka, harufu ya udongo wenye unyevu ilitoka. Vitabu vilisimama safu nzuri, migongo imenyooka, herufi za dhahabu zinang'aa. Nikagusa paji la uso, nikanyoosha mkono, nikavuta kile chekundu.

Mgongo tu ndio uliotoka.

Nilikuwa nimeshika ukanda mwekundu wa jalada, na ndani yake udongo mkavu ukanimwagikia miguuni. Trilochan akavuta cha pili. Kikatoka kama ganda la karanga. Akavuta cha tatu. Mchwa weupe wakakimbia juu ya vidole vyake. Nyuma ya migongo ile mizuri, kabati zima lilikuwa kichuguu. Walipanda kutoka ukutani, wakala kutoka nyuma kuja mbele, na kilichobaki ni kile tu kilichokuwa kikionekana kwenye kioo. Miaka yote tulikuwa tunaisujudia migongo.

Trilochan alikaa sakafuni na nguo yake nyeupe. Alishika kile kitabu kitupu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa.

Nilikuwa na maneno makali niliyoyatayarisha siku nyingi. Nikayaacha. Nikakaa karibu naye, goti likalia.

"Tilu," nikasema, "hukumpoteza baba yako hapa. Lakini mchwa hawaogopi kufuli. Wanaogopa mikono ya watu. Fungua na mengine, mwanangu. Huenda kuna kilichobaki."

Akampa Mwalimu Sucheta shada lote la funguo. Hakumtazama.

Kabati la nne nalo lilikuwa limeliwa. La tano lilikuwa nusu. La sita lilikuwa zima, kwa kuwa lilisimama mbali kidogo na ukuta. Mwalimu Sucheta hakungoja kesho. Alisema wazi kwamba siku ya ibada isiyoruhusu kuokoa kitabu yeye haijui, na kama kuna dhambi ataibeba yeye. Kuhani akakunja nguo yake, akawa wa kwanza kupokea vitabu mlangoni.

Siku tatu zilizofuata tulijifunza mambo ambayo tungepaswa kuyajua zamani. Mwalimu Sucheta alieleza, sisi tukafanya. Kitabu kilichopata unyevu hakianikwi juani kwenye joto kali, karatasi itajikunja. Kinasimamishwa kivulini penye upepo, kurasa zimeachana. Vumbi linapanguswa kwa kitambaa kikavu. Kabati halikai likigusa ukuta. Upana wa mkono lazima upite nyuma yake. Miguu yake inasimama ndani ya makopo yenye mafuta ya taa kidogo, mchwa asipande, na kila wiki mtu anatazama nyuma kama kuna njia mpya ya udongo. Ndani yanawekwa majani makavu ya mwarobaini. Na dawa kubwa kuliko zote, alisema, ni kitabu kufunguliwa mara kwa mara na mtu.

Jadab alipika gundi. Sisi wafumaji tunajua kupika uji wa kukazia nyuzi. Yeye alitaka kutumia uji uleule kwenye majalada, lakini Mwalimu Sucheta akamzuia: wadudu wanapenda uji. Akamwonyesha kutia mrututu kidogo sana, ile dawa ya chembe za bluu, na kunawa mikono baadaye, na kuificha mbali na watoto. Jadab alikaa na majalada yaliyochanika kama anavyokaa na sari iliyoharibika, kimya, uzi kwa uzi.

Baiskeli zilipokuja ziliwekwa verandani chini ya turubai. Zimekaa vizuri tu. Trilochan mwenyewe alipigilia msumari karibu na mlango wa maktaba, akatundika funguo zote sita pale. Maandishi ya dhahabu hakuyafuta, wala hakuna aliyemwomba ayafute. Chini yake Ketaki alibandika karatasi: Fungua, chukua, andika jina, rudisha.

Mwaka huo vitabu vinne vilipotea kweli. Kimoja kililiwa na mbuzi wa muuza samaki. Mwalimu Sucheta aliandika hayo kwenye daftari lake, akaendelea kuazima.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuja. Swali la wafumaji liliulizwa tena, limegeuzwa kwa namna nyingine. Ketaki hakufumba macho. Aliandika habari za mtu anayeamka asubuhi na mtambo wake umenyamaza, na watoto wanajua kuna jambo. Alipata sitini na saba. Jadab aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akaitia chini ya mto wake. Anadhani sikuona. Na kunazi, nataka kusema, haikumfanya mtu kitu.

Siku hizi Alhamisi baada ya shule wasichana hutembea nyumba kwa nyumba na mikoba ya vitabu. Wanawasomea wasiojua kusoma na wasioweza kutoka. Ketaki alichagua nyumba ya Trilochan. Wenzake walimcheka, wakamwambia akawasomee mchwa wa Trilochan. Alisema ndiyo maana anakwenda: vitabu vya nyumba hiyo vimeliwa.

Mokshada, mama yake Trilochan, hatoki kitandani mwaka wa tatu sasa. Nilikwenda na Ketaki siku ya kwanza. Juu ya stuli kando ya kitanda kulikuwa na kitabu chekundu, kipya. Mokshada alisema mwanawe alikwenda mjini mara tatu kukitafuta, akasafiri na basi la asubuhi, hakumwambia mtu sababu.

Ketaki akanipa mimi ukurasa wa kwanza. Nilisoma mistari minne kwa kidole, polepole, na hakuna aliyeniharakisha. Kisha yeye akaendelea. Daktari wa tembo alikuwa amezeeka, na alikuwa amepokea barua kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Mokshada alisikiliza mdomo wazi kidogo, mkono wake ndani ya mkono wangu. Nyuma ya pazia la mlango niliona ncha za vidole vya miguu, na nguo nyeupe.

Jua lilipoanza kushuka, Ketaki akafunga kitabu mahali ambapo barua ilikuwa haijafunguliwa. Mokshada akamshika sari.

"Unakwenda wapi? Barua inasema nini?"

"Alhamisi, Bibi."

"Basi Alhamisi uje tena. Uje mapema, kabla sijasinzia." Akageuza shingo kwa shida kuelekea mlangoni. "Na huyo anayejificha nyuma ya pazia, mwambieni siku hiyo alete kigoda aingie ndani. Tangu utoto wake hajui kusikiliza hadithi akiwa amesimama."